Nimekula Mkate wa Doña Casimira, na Rimu Zake Ziko Uchi

Shangazi Eduviges wa redio yetu ya asubuhi,

Naomba unishike mkono kabla Jumapili haijafika, na ukiona mwandiko wangu unarukaruka usiseme ni baridi ya El Alto peke yake, maana furaha na woga vimenikamata kwa pamoja, sijawahi kufurahi namna hii nikiwa mbali na kwetu, na papo hapo sijawahi kutamani hivi kudandia basi nikatoroke.

Naitwa Asencio Muiba, mtu wa San Ignacio de Moxos, kule bondeni kwenye joto na mito, shule niliiacha mapema kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Huku juu milimani nilikuja kutafuta riziki, nikabeba saruji, nikabeba magunia ya viazi sokoni mpaka mgongo ukagoma, na hewa ya huku ni nyepesi mno, mtu wa bondeni ukipanda ngazi unahema kama mbwa na watu wanakucheka. Mwishowe don Zacarías Tarqui akanichukua kwenye karakana yake ya magurudumu akanikabidhi rimu za alumini. Zinakuja zimechakaa kwa jua, mvua ya mawe na chumvi ya barabarani, vanishi imekuwa ya njano inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na chini yake alumini imeota weupe kama chaki, ina vimistari kama njia za minyoo. Kazi yangu ni kuzirudishia uso. Nachoka, Shangazi, jioni vidole havikunjiki, lakini sijui nikuelezeje raha ya dakika ile kitambaa kinapotoka cheusi tii, ukifuta mara nyingine unaona mtu anakutazama kutoka ndani ya rimu, na mtu huyo ni wewe.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Alikuja pale karakanani doña Casimira Laruta, anauza viazi na chuño, vile viazi vilivyokaushwa kwa baridi, soko zima linamjua, na mwaka huu yeye ndiye preste, mwenye sherehe ya mtakatifu wa mtaa wetu. Akaja na gari lake la zamani, lile alilonunua alipoanza biashara, lilikuwa limeachwa uani kwa dada yake upande wa Oruro mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye viti. Anataka litangulie kwenye maandamano likiwa limebeba fedha, na wewe unajua inavyokuwa, sahani za fedha, sinia, vijiko, vyote vinafungwa juu ya vitambaa vya rangi mpaka gari lenyewe halionekani, kinachobaki wazi ni kioo cha mbele na magurudumu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kijana, wewe ndiye yule wa bondeni wanayesema ana mikono?"

"Mikono ninayo miwili, doña."

"Na mdomo unao. Haya, tazama rimu hizi usinidanganye. Sitaki watu waseme Casimira kajifunika shali ya hariri halafu miguuni kavaa kandambili."

Nikazichukua. Niliziosha kwa sabuni na mswaki, nikapaka dawa ya kubandua rangi, vanishi ikajikunja ikatoka vipande vipande, kisha msasa wa maji, nikianza na ule mkali na kushuka taratibu hadi ule laini ambao ukiushika unadhani ni karatasi ya daftari, na hapo hakuna kuruka hata mmoja, maana mkwaruzo wa msasa wa kwanza hauondolewi na msasa wa mwisho, unajificha unakusubiri, rimu ikishang'aa ndipo unajitokeza. Halafu polishi kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye drili, zungusha, zungusha, na kwenye pembe ambazo drili haiingii ni kidole tu. Mwisho kabisa naifuta kwa unga mkavu wa mahindi, unanyonya mafuta yote yaliyobaki, hili nimelipata kwa madereva wa malori. Don Zacarías siku ya kwanza alinicheka, "We Asencio, unakaanga samaki au unatengeneza rimu?" Siku hizi unga ananunua mwenyewe.

Nilipozifunga zote nikamwita doña Casimira. Alichutama mbele ya gurudumu, sketi zake zote zikatanda chini kama mwavuli, akatazama weee, halafu akainua mkono polepole akaiweka sawa kofia yake, anajitazama ndani ya rimu kama aliye mbele ya kabati la kioo.

"Hii kofia imekaa upande toka saa ngapi?"

"Toka ulipofika, doña."

"Na umeninyamazia!"

Hapo akacheka, na mimi nikacheka, nikaona kama kimo changu kimeongezeka. Nikamwambia sasa napaka vanishi mpya ili zisichakae tena. Akaruka kama aliyekanyaga moto. "Plastiki? Thubutu! Plastiki ndiyo iliyonidanganya miaka yote, juu inameremeta, chini minyoo inakula. Ziache ngozi tupu, nione mwenyewe kinachozipata." Nikakubali. Zikabaki uchi kama zilivyozaliwa.

Siku chache baadaye jioni akanijia kwenye chumba ninachopanga, kavaa shali yake nzuri, kabeba kikapu cha mikate ya duara, ndizi, machungwa na chupa mbili za bia. Nilikuwa nimetoka kazini sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akakaa, akaongea habari za mvua, za bei ya viazi, akaniulizia mama yangu ambaye hajawahi kumwona, akazunguka na kuzunguka, mwishowe akasema, "Asencio, gari langu halina baba, nimekuja kukusumbua." Nikadhani anataka nimtengenezee na milango. Nikasema hakuna usumbufu doña, sema tu. Akanisukumia kikapu. Nikachukua mkate, nikamega, nikala. Akanikumbatia, Shangazi! Machozi yakamtoka! Akafungua bia, akaidondosha kidogo sakafuni, akanywa, akanipa, nikanywa, huku najisemea moyoni, jamani watu wa huku juu kumbe wanathamini kazi ya mtu namna hii.

Kesho yake nikamsimulia don Zacarías huku nacheka. Akaweka spana chini.

"Alikuja na mkate?"

"Mkate, matunda na bia."

"Ukala?"

"Nilikuwa na njaa, don Zaca."

"Na bia ukanywa?"

"Alishaifungua!"

Akakaa juu ya tairi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi kwisha kazi. Mtu wa huku akikujia na mkate amekuja kukuomba, na ukiula umekubali. Wewe sasa ndiye baba wa ubatizo wa gari la Casimira. Mwite komadre, mzazi mwenzio, naye atakuita kompadre mpaka mmoja wenu afukiwe. Ona anavyotoa macho! Kala mkate kama kasuku, hata kuuliza hajauliza!"

Nikaenda nyuma ya karakana nikajipangusa macho, na nakwambia kweli sikuwa na huzuni. Tangu nipande huku nimekuwa "wewe wa bondeni," nimekuwa "kijana" ingawa nina mvi, nimekuwa "hebu shika hapa." Hakuna aliyewahi kuniita ndugu wa kitu chochote. Nikampigia simu mke wangu Bartolina, yuko nyumbani Moxos.

"Umekula mkate wa watu bila kuuliza ni wa nini," akasema. "Ndiyo wewe mtupu." Halafu akauliza, "Na mama wa ubatizo ni nani?"

Nikamwambia bado hajatajwa.

"Nakuja mimi. Na nikikuta mwanamke mwingine kakalia kiti changu, ataondoka amekivaa shingoni."

Amekwisha kukata tiketi, Shangazi.

Furaha yangu ikaishia pale don Zacarías aliponieleza kazi ya Jumapili. Baada ya misa, mbele ya kanisa, padri atanyunyiza maji yake, kisha baba wa ubatizo, yaani mimi, nitatikisa chupa ya bia nifanye challa, kumnywesha Mama Ardhi na kulibariki gari, na kwa kuwa juu kote kutakuwa kumefungwa fedha, bia yote itakwenda kwenye magurudumu! Halafu nirushe karatasi zile za rangi zilizokatwakatwa, zigande humo. Kisha ngoma inaanza na gari linaondoka hapo hapo, hakuna nafasi ya kurudi karakanani. Challa nimeziona nyingi, lakini rimu zetu zote zina vanishi, bia inateleza inakwenda zake. Hizi ziko uchi. Nikachukua rimu moja kuukuu niliyoing'arisha vile vile, nikaimwagia bia, nikairushia karatasi nyekundu, nikaiacha pale. Kesho yake asubuhi niliikuta na mabaka ya waridi na michirizi kama ya machozi, nikaisugua nusu siku ndipo ikakubali kurudi.

Sasa niambie. Nikipaka vanishi Jumamosi bila kumwambia, atajua? Nikimwomba challa isifanyike, don Zacarías anasema heri nimwombe padri abatize bila maji. Nikijifanya mgonjwa, Bartolina yuko njiani. Nimefikiri pia nimpokee kituoni nimrudishe papo hapo kwenye basi linaloshuka, twende zetu nyumbani wasahau kama niliwahi kuwepo. Lakini kila nikifikiri hivyo namwona doña Casimira amesimama mbele ya kanisa hana wa kumshikia chupa. Mtu wa kwanza huku juu kunitaka niwe wake, mimi ndiye nimharibie gari kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wanawake wote wa sokoni, na fedha yote ile ikiwa juu inacheka? Nisaidie, karakanani kwetu redio haizimwi.

Asencio Muiba, El Alto

*

Asencio, zima hiyo drili unisikie, na wewe don Zacarías wacha kucheka, najua mnasikiliza wote wawili.

Pongezi kwanza, kompadre wa Casimira. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na ya pili nikitafuta balaa liko wapi, na sikuliona. Mabaka ya waridi! Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba uliimwagia rimu bia ukaiacha mpaka kesho yake asubuhi. Nani kakutuma kuiacha? Bia ina sukari na uchachu, ukiiacha ikauke hata juu ya meza ya mbao inabakiza duara, na ile karatasi nyekundu ikilowa inatoa rangi kama shati jipya kwenye beseni. Mtu mzima, fundi unayejua hakuna kuruka msasa hata mmoja, umeruka kitu ambacho kila mwenye jiko anakijua: kikimwagika, futa. Umejitia homa ya bure.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kesho uzipake rimu zote nta safi, tabaka jembamba, uiache ikauke, uifute, na Jumamosi urudie. Nta inafukuza maji na wala si ile plastiki aliyokukataza, lakini utamwambia kabla hujagusa, umnusishe kopo kama akitaka. Karatasi za rangi uziache dukani, ununue nyeupe tupu, siku ya sherehe nyeupe inapendeza na haimchafui mtu. Jumapili ukiwa na chupa mkononi usimwage kama unazima moto. Ardhi kwanza, yeye ndiye mgeni aliyealikwa kunywa, mpe ya kutosha. Kisha tairi, mpira haulalamiki. Rimu uidondoshee kidogo tu, useme maneno yako mazuri, na kabla povu halijatulia uwe umeshapiga goti na ndoo ya maji safi na kitambaa laini. Osha, kausha, nenda gurudumu linalofuata. Fanya mbele ya watu wote bila haraka. Nimehudhuria challa tangu nabebwa mgongoni na sijasikia baba wa ubatizo aliyekatazwa kumfuta mtoto wake.

Hilo la kupaka vanishi kwa siri limeniudhi. Mwanamke amekueleza kwa mdomo wake, tena kwa sababu nzuri, kwamba alichoka kufichwa kilichomo chini, na wewe unataka kuanza ukompadre kwa kumfunika macho tena? Na kwa baridi ya huku vanishi ikipakwa kwa pupa inaota ukungu, ungebaki na siri na rimu mbovu juu yake. Huo ugonjwa wa kujifanya nao usahau, maana Bartolina nimemsikia kwenye barua yako, na huyo hadanganyiki kwa kikohozi. Basi la kwenda kwenu lipo kila wiki, kama unataka kukimbia litakuwepo hata baada ya sherehe.

Halafu nikwambie jambo ambalo don Zacarías kalisahau kwa kucheka. Preste wengi mkate wao wanaupeleka kwa mwenye malori au mwenye duka la ghorofa, ili awalipie bendi. Casimira anawajua hao wote, anawauzia viazi. Akavaa shali yake nzuri akapanda ngazi za chumba cha kupanga cha mtu wa bondeni asiye na cha kumlipia bendi. Hakukosea mlango, Asencio. Gari alilolipenda alirudishiwa na wewe, na anataka mkono huo huo ndio ulibariki. Umezoea kuitwa "hebu shika hapa" mpaka mtu akikuomba kwa heshima unadhani anadai milango.

Bartolina mpokee kituoni na blanketi zito na chai ya koka kwenye chupa, hewa ya huku itamkaba kama ilivyokukaba wewe, na siku ya kwanza asiguse bia hata wakimshikilia. Asipande ngazi kwa haraka. Nguo ya sherehe usihangaike kununua, mwombe Casimira amvalishe mama wa ubatizo wa gari lake, wala usione haya kuomba, komadre akiombwa anafurahi, na asipoombwa ndipo ananuna mwaka mzima.

Bado kitu kimoja, na hiki usikiahirishe mpaka Jumapili. Ulikubali kwa njaa, hukujua unakubali nini. Yeye alilia kwa furaha kwa jibu ambalo wewe ulidhani ni chakula cha jioni. Hilo lazima liwekwe sawa kati yenu, wala usiogope, atakucheka vizuri tu. Leo ukitoka kazini nawa mikono, pita kwanza kwa mama ntilie ule supu yako ya moto uimalize. Kisha nenda kwa Casimira, umweleze ulivyokula bila kuelewa, na kuhusu bia na nta, yote. Halafu umwambie ndiyo, ukiwa umeshiba.